Bwana Arusi Apite Mbele

Jumatatu, 3 Juni

Wiki tano na siku mbili tangu ndoa. Nimeoa mwanamke anayecheka akiwa bado usingizini. Leo alfajiri alicheka, nikamwamsha kumuuliza alichekea nini, akasema ameota mimi napanda ngazi nikiwa nimebeba ngazi nyingine. Ananiota. Wanaume wengine wa mtaa wetu wa Bulengera wanaishije?

Jambo moja tu linaharibu. Tumbo lake. Mwaka jana docteur mmoja wa Beni alimpima, akasema mwili wake unakataa gluteni. Mimi nina diplôme, lakini neno hilo lilikuwa geni kwangu. Docteur alimweleza Kavugho, naye akanieleza mimi tukiwa bado wachumba, tumekaa kwenye benchi la parokia. Gluteni imo ndani ya ngano na shayiri. Ndiyo inayoufanya mkate uvutike na kuvimba. Kwa watu wengine inapita bila neno. Kwa Kavugho inachubua utumbo, hata ikiwa kidogo kama vumbi la kidoleni. Kidonge chake hakipo. Dawa ni kutoila kabisa. Na mkate si shida, alisema docteur, maana mkate unauona. Shida ni ile iliyojificha.

Iliyojificha. Tangu siku ile neno hilo linaniwasha.

Kwa hiyo nyumbani kwetu mkate hakuna. Mandazi hakuna, tambi hakuna, biskuti hakuna. Bia ya shayiri hakuna, hata kwangu, kwa ajili ya mapenzi (isipokuwa siku ya mpira). Tunakula ugali wa mihogo. Mihogo naianika mwenyewe juu ya turubai safi. Naipeleka mwenyewe kwenye mashine ya kusaga, kila Jumatatu na kila Alhamisi, kabla ya kwenda kufungua duka la misumari na rangi ninapofanya kazi.

Na bado anaumwa. Siku nyingi kidogo kidogo, na Jumanne na Ijumaa ndipo inazidi, karibu kila wiki.

Mama mkwe, Mama Anne-Marie, amepiga simu kutoka Beni. Hakufoka. Sauti yake ikishuka ndipo inatisha. Alisema Jumamosi tarehe 15 atakuja na gari. Akimkuta binti yake bado ameshika tumbo, atarudi naye Beni mpaka apone. Nikauliza kwa adabu ni kwa muda gani. Akasema hata mwaka.

Mwaka! Jana Kavugho alienda kuteka maji nikamfuata hadi kwenye bomba.

Nina siku kumi na mbili. Nimenunua daftari hili. Nitaikamata popote ilipojificha.

Jumanne, 4 Juni

Ameumwa. Alilala kwa ubavu, amekunja magoti, akaniambia niende kazini. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na bado mzuri kuliko nyuso zote za avenue yetu.

Nimewaza. Jumanne na Ijumaa. Kuna nini Jumanne na Ijumaa? Mazoezi ya kwaya! Nimeandika na kupiga mistari miwili chini yake.

Lakini kwanza jikoni. Cube za mchuzi nimezitoa nje zote. Chupa ya sosi nyeusi pia. Mchana nikapita maduka ya mjini kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Yamechapwa kwa herufi za siafu. Mengine kwa Kituruki, mengine kwa Kichina. Sosi ile nyeusi nimeisoma kwa Kifaransa: imetengenezwa kwa soya na ngano. Ngano ndani ya maji meusi! Soseji, ngano. Pakiti ya unga wa uji wa watoto, picha ya mahindi mbele, ngano nyuma. Nilijisikia kama mtu aliyefunuliwa ulimwengu wa pili chini ya huu.

Katika duka la tatu mwenye duka alinitazama nikiandika. Akaita mkewe. Wakanong'onezana. Halafu akanijia na chupa baridi ya soda, akaniambia polepole, Chef, kamata sucré moja, utuachie. Alidhani mimi ni wa kontrole, mkaguzi wa serikali. Nikamweleza kwamba nampenda mke wangu. Akaleta chupa ya pili.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Mama mkwe ametuma mpelelezi.

Ni Hulda, mdogo wake Kavugho. Anasoma uuguzi, mwaka wa kwanza. Ameteremka kwenye pikipiki kutoka Beni akiwa na begi, sufuria yake mwenyewe, na daftari. Daftari lake lina jalada gumu. Langu lina picha ya mchezaji wa mpira.

Amesema amekuja kumsaidia dada yake. Dakika kumi baadaye alikuwa ameinama chini ya meza yetu. Aliuliza mwiko huu ni wa nani, ulitumika wapi kabla ya ndoa, ubao huu uliwahi kukatiwa mkate. Aliuliza, Shemeji, unanawaka mikono ukitoka kazini. Nikamjibu kwamba misumari haina gluteni. Akaandika.

Kavugho amefurahi kumwona. Wamecheka jikoni saa nzima kwa Kinande cha haraka, nikasikia jina langu mara nne.

Lazima niipate kabla yake. Akiipata Hulda, mama mkwe atasema mume hakujua kumlinda mke wake. Nikiipata mimi, hata Hulda atalazimika kuandika hivyo kwenye jalada lake gumu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetoka kwenye mashine ya Papa Zorobabel, na moyo umejaa.

Niandike vizuri jinsi watu wa mtaa huu wanavyoheshimu mapenzi. Nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Foleni tayari ipo, akina mama na beseni zao, vijana na magunia. Wote wamesimama pembeni kidogo ya mlango, kama vile mashine inauma. Nikisema tu wavukire, habari za asubuhi, wanageuka na kutabasamu. Papa Zorobabel anapaza sauti, Bwana arusi apite mbele. Na wote wanaitikia, Apite, apite! Leo palikuwa na mzee mmoja mwenye magunia mawili, amefika tangu giza. Nikamwambia yeye ni baba yangu, atangulie. Alikataa kabisa. Alinisukuma kwa upole mgongoni. Alisema tangu nioe, Mungu amewaonea huruma.

Wiki tano sasa, sijawahi kuwa wa pili. Unga wangu ndio wa kwanza wa siku, hakuna aliyeugusa kabla yangu. Una rangi ya maziwa yenye kahawia kidogo, ya kupendeza.

Hulda aliomba tuende pamoja. Nikamwambia si lazima. Heshima ile ni yangu na ya Kavugho, sitaigawa na mtu wa daftari.

Jioni tumekula ugali na sombe, majani ya mihogo. Nilimega tonge la kwanza nikamlisha Kavugho. Hulda akatazama ukuta.

Ijumaa, 7 Juni

Ameumwa tangu asubuhi. Mchana alijikaza akaenda kwaya.

Nilimfuata. Niliacha duka mikononi mwa mwenzangu, nikasimama nje ya dirisha la ukumbi wa parokia, nyuma ya migomba. Nilikuwa nimejiandaa kuona chai ya siri na mandazi. Nikaona watu ishirini na mbili wanaimba, na bidon moja ya maji. Nikaingia kinyemela kunusa bidon. Maji.

Nilipoinua kichwa, kwaya yote ilikuwa imenyamaza. Kavugho alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akashika tumbo, na safari hii si kwa maumivu.

Nimwogope nani duniani, nikiwa na mke wa namna hiyo?

Hulda amebuni kitu. Amesema kuanzia leo usiku hadi Jumatatu, dada yake ale viazi, ndizi na maharage tu, ugali usiguswe. Nikauliza ugali umekosa nini. Akasema anataka tu kuona. Hawa watu wa shule wanapenda kutaka kuona.

Jumapili, 9 Juni

Jana alikuwa mzima. Leo ni mzima. Ni cube! Nilisema ni cube. Nimezitoa Jumanne, mwili umekaa siku chache kujisafisha, sasa umepona. Nimemwambia Hulda kwa unyenyekevu mkubwa. Amesema tungoje.

Lakini usiku wa jana wazo lilinipiga: hostia. Komunyo ni ya ngano! Nilikaa wima kitandani. Kila Jumapili mke wangu anapokea ngano mbele ya altare na mimi nimepiga magoti naomba apone.

Kabla ya misa nikafanya kazi. Nilikoroga unga wa mihogo na maji, nikaumwaga juu ya sahani ya bati, nikakandamiza na pasi ya moto. Ya kwanza ilibaki kwenye pasi. Ya pili ilibaki kwenye shati langu jeupe, kwa kuwa nilisahau kufuta pasi. Ya tatu ikatoka duara, karibu nyeupe. Nikaifunga kwenye kitambaa safi, nikamwendea padri kwenye sakristia.

Padri aliishika, akaigonga mezani. Ililia. Aliniambia kwa upole kwamba kanisa haliwezi: hostia ni ya ngano, mihogo haikubaliwi. Moyo ukaanguka. Ndipo akasema mtu mwenye shida hiyo anaruhusiwa kupokea kikombe peke yake, divai bila hostia, na inatosha kabisa. Nikakimbia kumpa Kavugho habari njema.

Aliniambia kwamba anapokea kikombe peke yake tangu Beni, mwaka mzima sasa. Kila Jumapili. Mbele yangu.

Nimekuwa namtazama macho. Sikutazama mikono.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya ushindi. Siku tatu bila maumivu, cube zimehukumiwa. Asubuhi kwenye mashine nilitangulia tena, wakanipigia makofi kidogo. Jioni nikapika mwenyewe ugali mkubwa, mlima, na samaki bila cube hata moja. Hulda alikula kiazi. Nikamhurumia, kushindwa si rahisi.

Kavugho alikula vizuri, akaegemeza kichwa begani mwangu. Nimempigia mama mkwe kumwambia asijisumbue na gari. Amesema gari ameshalipanga.

Jumanne, 11 Juni

Ameumwa vibaya kuliko siku zote. Tangu saa nane usiku. Nilimshika mkono, sikujua la kufanya na mkono wangu mwingine.

Asubuhi Hulda alifungua daftari lake mezani. Hakujisifu, na hilo liliniuma zaidi. Alisoma: siku za ugali, maumivu, na yanazidi kesho yake ya kusaga. Siku bila ugali, hakuna. Akasema ni unga.

Nikasimama. Nilisema unga ule umetoka mikononi mwangu. Mihogo nimeichagua mimi, nimeiosha mimi, nimeianika mimi, nimefukuza kuku mimi. Nilisema mihogo haina gluteni, docteur mwenyewe alisema. Hulda akakubali kwamba mihogo haina. Akasema haelewi. Sote watatu tukatazama beseni la unga kama mgeni asiyetaka kutaja jina.

Kavugho, amelala kwenye mkeka na khanga tumboni, ndiye aliyeuliza. Aliuliza taratibu, Chéri, kwenye mashine, mbele yako nani anasagaka.

Nikamjibu kwa fahari kwamba hakuna. Mimi ndiye wa kwanza, kila siku, mtaa mzima unanipisha.

Akafumba macho. Akauliza, na jana yake jioni, wa mwisho ni nani.

Sikujua. Kwa nini nijue wa mwisho?

Hulda ameacha kuandika. Amesema kesho jioni twende.

Jumatano, 12 Juni

Mkono unasita kuandika.

Tulifika saa kumi na moja jioni, nimebeba beseni la unga wetu. Kavugho alikuja pia, ameniegemea. Mashine ilikuwa na mteja mmoja, Mama Syauswa, yule anayekaanga mandazi kwenye kona ya soko. Alikuwa na gunia la ngano. Ngano ya Lubero, ya milimani, nafaka nene za kahawia. Anaisaga kila jioni, wa mwisho, ili asubuhi aamke na unga mbichi. Nilitazama unga ule ukitoka. Rangi ya kahawia. Nilipoona vumbi lake limekaa kila mahali, kwenye mdomo wa mashine, kwenye mfuko wa kitambaa, kwenye kope za Papa Zorobabel, nikaikumbuka ile rangi ya kupendeza ya unga wangu.

Nikamuuliza Papa Zorobabel kama anaiosha mashine kabla ya asubuhi. Alinishangaa. Aliniambia, Lakini Muyisa, mutu wa kwanza njo anasafishaka mashini. Batu bote banajua.

Kumbe ndivyo ilivyo, tangu mashine iwepo. Unga wa kwanza unatoka umechanganyika na mabaki ya jana, kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Zamani walikuwa wanabishana kila asubuhi, wanasubiriana, mwingine anamimina bakuli la pumba za nguruwe zitangulie. Kisha mimi nikaoa, nikaanza kuja na tabasamu. Alisema hawakuwa na ubaya. Walidhani mtu mwenye furaha namna ile haoni rangi ya unga.

Mama Syauswa alipoelewa kuhusu tumbo la Kavugho alishika kichwa kwa mikono miwili iliyojaa vumbi la ngano. Aliomba msamaha mara nyingi. Papa Zorobabel pia, kofia mkononi.

Nilimtazama Kavugho. Wiki sita nimemlisha ngano kwa mkono wangu, tonge la kwanza kila mara. Nikamwambia hivyo njiani. Akasema anajua. Akasema pia kwamba hakuna mume mwingine Bulengera ambaye angevumilia kusimama pale mwezi mzima na kufurahi. Bado natafakari kama ni sifa.

Hulda alinibebea beseni.

Alhamisi, 13 Juni

Mashine basi. Hata nikiwa wa kumi, vumbi linabaki. Hulda ameeleza hivyo, na safari hii nimeandika anayosema.

Nimenunua kinu kipya, mti wake bado unanukia, na mtwangio wake. Beseni jipya, chekecheo jipya. Unga wa zamani tumempa jirani mwenye kuku.

Nimetwanga kabla ya kazi na baada ya kazi. Viganja vimetoka malengelenge sita. Kavugho aliyapaka mafuta moja baada ya jingine. Ningetwanga mengine sita.

Ugali umetoka mweupe. Mweupe kama karatasi hii. Sikujua ugali wetu una rangi hiyo.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuumwa. Ijumaa, na hakuumwa! Amekwenda kwaya. Nilisikia sauti yake tangu barabarani, na sikuingia, nilisimama tu kwenye migomba.

Kesho mama mkwe.

Jumamosi, 15 Juni

Gari lilifika saa nne, limejaa vumbi la barabara ya Beni. Mama mkwe alishuka bila mkoba. Mkoba aliuacha ndani, na dereva akabaki kwenye usukani. Nilielewa maana yake.

Alimzungusha Kavugho kama mtu anayechagua kitambaa. Akabonyeza mashavu. Akauliza usiku analalaje, chakula kinakaaje. Kavugho alijibu yote huku anatwanga, kitenge kimefungwa kiunoni, anaimba kila mtwangio ukishuka. Hulda akaleta daftari na kusoma siku kwa siku. Nilingoja jina langu kwa jasho. Alisema mashine ndiyo iliyokuwa na kosa, na kwamba shemeji ametengeneza njia ya kutwanga. Alisema shemeji! Nimemsamehe sufuria yake na yote.

Mama mkwe alikaa. Kisha akamwambia dereva azime gari, alete mkoba. Akaniita mukwe wangu.

Furaha ile ilitaka kitu cha kutafuna. Nikatoka mbio kwenda sokoni, nikasema nakuja. Pale kwenye kona, Mama Syauswa alikuwa anaanza kukaanga makemba, ndizi zile kubwa anazokata vipande virefu. Ndizi! Hazina ngano popote, hata docteur angekula. Watu saba walikuwa wanangoja. Mama Syauswa aliponiona, kwa majuto yake yote ya Jumatano, akawaambia wote wasogee. Aliita, Bwana arusi apite mbele. Na mafuta yalikuwa tayari ya moto, yanachemka kabisa tangu asubuhi, sikungoja hata dakika. Alinijazia beseni.

Nilirudi na ushindi wangu unanukia. Nikaliweka beseni katikati yao.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kavugho alichukua kipande kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa na vichembe vidogo vya kahawia. Aliniuliza kwa upole, Chéri, kwenye mafuta, mbele yako kulikuwa nini.

Nikamjibu hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza.

Hulda akafungua daftari. Mama mkwe akatazama nje, kwenye gari, akaanza kuinuka. Kavugho akamshika mkono, akamwambia, Mama, ikaa. Alisema hawezi kwenda Beni, kwa sababu kama akienda, hapa nani atabaki kunichunga mimi. Wakatazamana wanawake watatu. Halafu mama mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Makemba yameliwa na dereva, yote, na ameyasifu.

Kavugho anabaki. Nimeandika hivyo mara tatu kwenye ukurasa wa nyuma ili niyaone na kesho.

Kuhusu makemba wamenieleza habari ya mandazi yaliyotangulia kwenye mafuta yale asubuhi, nami nimeitikia kwa kichwa, ingawa bado naona ndizi ni ndizi. Jioni nilipita kona ile kurudisha beseni. Mama Syauswa ni mtu wa moyo. Amesema Jumatatu anaanza kuuza viazi vya kukaanga, na amenitunzia nafasi. Ya kwanza.